Nyumba Zisizo na Sura

(Mazungumzo ya ibada ya redio)



Majuma machache yaliyopita tulipokea barua ya kijana mmoja afanyaye kazi ya useremala katika mji wa Lamu. Aliomba tusilitaje jina lake, nasi hatutalitaja. Yeye ni Mkristo, mtoto wa bara, aliyekwenda kisiwani kutafuta riziki. Huko alipokelewa na fundi mmoja mzee, Mwislamu, akafundishwa kushika patasi na nyundo. Kwa miaka mitatu amechonga mawaridi, minyororo na majani juu ya milango. Hata siku moja akaja mwenye nyumba ya wageni, akamwambia, "Nichongee mlango wenye mwili wa mwanamke, nusu uchi, maana wageni wangu watapendezwa. Nitakulipa mara mbili." Fundi mzee aliposikia, akasema kwamba karakana yake haijapata kuchonga kiumbe chenye roho, wala haitachonga maadamu yeye yu hai, lakini kijana akitaka, na achonge kwake, usiku.

Basi kijana atuuliza mambo mawili. Je, kwetu sisi Wakristo ni dhambi kuchonga mwili wa mtu? Na kama si dhambi, mbona moyo wake hautulii? Mwisho akaongeza neno moja tu: ana mke na watoto wawili, na kodi ya nyumba haingoji.

Swali hili halijibiwi kwa neno moja la ndiyo au hapana. Kwa hiyo tuliona afadhali kwanza twende tukautazame mji wenyewe, tuone wazee wa visiwa vile wameushughulikiaje mwili wa binadamu katika kazi za mikono yao, kisha ndipo tufungue Maandiko.

Mtu aendaye Lamu kwa njia ya nchi kavu huliacha gari Mokowe, akavuka kwa mashua. Mji u mbele yake, mweupe, umekaa ukingoni mwa maji. Mwaka 2001 mji huo wa kale uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa ni mji wa Waswahili ambao watu wameendelea kukaa ndani yake kwa karne nyingi bila kuacha. Vichochoro vyake ni vyembamba, punda na mtu hupishana kwa taabu. Na pande zote mbili mna milango ya kuchongwa, ya mbao ngumu kama mbambakofi. Tuliisimamia mmoja mmoja. Kizingiti kimejaa maua, miimo ina minyororo, na mfaa, yaani ule ubao wa katikati upokeao mbao mbili, umechongwa tangu juu hata chini. Tulitafuta uso wa mtu tusiuone. Tulitafuta mkono, tulitafuta jicho. Hapana.

Tukaingia ndani ya nyumba za zamani. Kuta za chumba cha ndani zina zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, mahali pa kuwekea vyombo vya Kichina na vitabu. Kazi yake ni ya ajabu, wala hamna umbo la kiumbe. Tukaelezwa habari za siwa mbili mashuhuri zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu: ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate, ndefu kupita kimo cha mtu, na ile ya shaba ya Lamu. Baragumu hizo zilipigwa wakati wa kutawazwa wakubwa na katika arusi za watu wa heshima. Nazo zimenakshiwa kwa mapambo na maandishi. Mfalme mwenyewe hakuchorwa juu ya siwa yake.

Tukavuka hata kisiwa cha Manda, kwenye magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake mwishoni mwa karne ya 17. Huko liko kaburi lenye nguzo ndefu ya mawe iliyosimama juu yake. Mgeni atokaye Ulaya angetazamia kuona sanamu ya marehemu amelala juu ya jiwe na mikono kifuani, kama walivyofanyiwa wakubwa katika makanisa ya zamani ya Uingereza. Takwa hapana. Iko nguzo, na yako maandishi. Aliyezikwa pale alikumbukwa bila sura.

Je, ilikuwa hivyo tangu mwanzo? Katika kisiwa cha Pate pana mahali paitwapo Shanga, mji uliojengwa karne ya 8 na kuachwa karne ya 15. Kati ya mwaka 1980 na 1988 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba huko. Wakaona misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya kwanza midogo ya miti, ya baadaye ya mawe. Yaani Uislamu katika visiwa hivi si wa jana. Una zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili. Wakaona na vitu viwili vinavyotuhusu leo. Cha kwanza ni simba mdogo wa shaba, asiyezidi urefu wa kidole, wa miaka 900 hivi iliyopita. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyemiliki sanamu ya mnyama katika mji ule wa misikiti. Kitu cha pili ni sarafu ndogo za fedha. Juu yake mmeandikwa jina la mtawala na maneno ya kumtumaini Mungu. Uso wa mtawala haumo. Simba alipata umbo, mtawala alipata jina tu. Tafadhali mziweke akilini sarafu hizi, kwa maana tutazirudia.

Kwa nini walijizuia hivyo? Ndugu zetu Waislamu hufundishwa kwamba kuumba ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba afanyaye sura ya kiumbe ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie roho, naye hataweza. Si Waislamu wote wa dunia walioshika neno hili namna moja. Huko Uajemi na Bara Hindi wachoraji walijaza vitabu kwa picha za watu. Lakini katika visiwa vya Lamu mafundi walichagua njia ya maua na maandishi, wakaifuata kwa uaminifu.

Wako Wakristo ambao husikia haya wakatabasamu, kana kwamba ni ushamba. Ndugu, tusitabasamu upesi. Amri ya pili katika Kutoka 20 ilitolewa kwa watu wa Musa, nasi twaikiri kila tukaripo Katekisimu. Tena tukumbuke tulikotoka sisi Waprotestanti. Mwaka 1524 katika mji wa Zurich, wakati wa Zwingli, sanamu zilitolewa makanisani na kuta zikapakwa chokaa nyeupe. Katika Kanisa letu la Uingereza, mwaka 1547 mfalme kijana Edward wa Sita alipotawala, ilitolewa amri ya kuziondoa sanamu, na nyingi zikavunjwa. Kama babu zetu hao wa imani wangeletwa Lamu siku ile, wangalishangaa kuziona kuta zinazofanana na zile walizokuwa wakizitafuta.

Lakini Maandiko hayasemi upande mmoja tu. Musa yule yule aliyeleta amri ndiye aliyeagizwa kuweka makerubi mawili ya dhahabu juu ya sanduku la agano. Bezaleli, fundi wa kwanza ambaye Biblia yasema alijazwa Roho wa Mungu, alijazwa ili achonge mbao na kufua dhahabu. Kijana wetu na alitie moyoni neno hili: Roho alishuka juu ya patasi. Tena jangwani Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Bwana, na watu walioumwa wakamtazama wakapona. Miaka mingi ikapita, na nyoka yule yule akafukiziwa uvumba. Ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Shaba haikubadilika, wala umbo. Kilichobadilika ni mioyo ya waliomtazama.

Basi hapa twajifunza jambo la kwanza. Swali la Maandiko haliishii kwenye umbo lililochongwa. Laendelea hata kumwuliza atazamaye: Walitazama kwa nini, nalo lakufanya uwe mtu wa namna gani?

Sasa tusije tukadhani kwamba watu wa visiwa vile hawakuujali mwili wa binadamu kwa kuwa hawakuuchonga. Waliuchora kwa njia nyingine, kwa maneno. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Akamtungia binti yake utendi wa mawaidha. Ndani yake mama anamfundisha bintiye heshima na dini, na pia jinsi ya kuupamba mwili, kuufukiza, kuutunza na kuutuliza mwili wa mume aliyechoka. Mama yule alikuwa akielekea kaburini, wala hakuuona mwili kuwa kitu cha aibu. Aliusitiri tu, akauweka ndani ya nyumba yake na ndani ya agano la ndoa.

Na kabla ya Mwana Kupona, mtunzi mwingine wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alitunga Al-Inkishafi. Aliyatazama magofu ya nyumba za matajiri wa Pate, zile zile zenye zidaka na taa nyingi, akaonyesha jinsi ndege na wadudu walivyozirithi, na wenyewe wakalala kaburini miili ikiharibika. Mchoraji gani angeweza kuonyesha kifo waziwazi kuliko vile? Mhubiri wa Kikristo anayetaka kufundisha juu ya Jumatano ya Majivu angefaa auketie utenzi huo kwanza.

Na wa tatu ni Fumo Liyongo. Habari zake ziliandikwa kwa utendi mwaka 1913 na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mtu ambaye kijana wetu angepaswa kumjua, maana Kijuma alikuwa mtunzi na mwandishi wa hati nzuri, na pia mchonga milango. Alifariki mwaka 1945. Mikono ile ile iliyochonga maua juu ya mbao ndiyo iliyoandika habari za mwili wa jitu. Twajua kisa chenyewe: Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote, isipokuwa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Maadui wakamhonga mwanawe mwenyewe, naye akamchoma babaye usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa uta wake, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti na mshale juu ya uta, akafa hali hiyo hiyo. Watu wa mji wakamwona, wakaogopa. Siku zikapita, hakuna aliyethubutu kuteka maji. Mji mzima ukaona kiu kwa kuogopa mwili usio na pumzi. Hata mama yake akaombwa aende ambembeleze mwanawe, naye asijibu.

Wapenzi wasikilizaji, sisi tumekitafakari kisa hiki mara nyingi. Mle mna mafundisho juu ya sanamu zote za dunia. Zaburi ya 115 yasema juu ya vitu vyenye macho visivyoona na midomo isiyonena, na watu wanaovitegemea. Mji wa Liyongo haukuchonga sanamu, lakini ulipata sanamu pale kisimani, nayo ikauzuia usinywe maji. Ni mambo mangapi katika maisha yetu tunayoyaogopa au kuyaabudu kwa sura tu, na kumbe hayana pumzi? Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo, yapo majirani zetu wa pwani ambao walichonga umbo la mtu wala hawakuliabudu kama mungu. Kusini ya Lamu, Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda humsimamishia mzee mashuhuri aliyekufa mti uliochongwa uitwao kigango. Una kichwa cha mviringo na kiwiliwili bapa kisicho na mikono, kimejaa nakshi za pembetatu. Wamisionari wengi na waalimu wetu wa zamani waliviita vigango masanamu, wakawaambia Wakristo wasivitazame. Kisha wakaja wafanya biashara ambao walivitazama mno. Viliibwa makaburini, vikauzwa ng'ambo, vikatundikwa katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani kama pambo. Mwaka 2007 familia moja ilirudishiwa viwili vilivyoibwa mwaka 1985, na mwaka 2019 vigango 30 vilivyokuwa katika makumbusho ya mji wa Denver vikawasili Kenya. Hatusemi kwamba Mkristo na ajenge kigango. Lakini twauliza, ni nani aliyemdharau zaidi yule mzee aliyekufa: aliyekumbuka umbo lake kwa mti, au aliyeung'oa mti akaufanya pambo la ukumbi?

Na hapa twakaribia jambo linalosumbua moyo wa kijana wetu. Tulipokuwa Lamu, mmoja wa wenzetu wa safari aliwaona akina mama wawili wameketi barazani, buibui zao zimeteremshwa kidogo, wakizungumza na kucheka. Akainua simu yake akawapiga picha. Wale mama wakageuza nyuso zao, mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akamwambia mwenzetu kwa upole, "Mwanangu, umeingia nyumbani mwa watu bila hodi." Mwenzetu akajitetea kwamba hakuingia popote, alikuwa njiani. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake. Jioni ile tuliomba msamaha, na picha ikafutwa. Lakini neno la yule mzee halikufutika ndani yetu.

Tusiseme kwamba watu wa Lamu wanaichukia picha yenyewe. Lamu ilikuwa na mpiga picha wake hodari, Omar Said Bakor, aliyeishi tangu 1932 hadi 1993. Katika studio yake alipiga picha za wenyeji, na kwa ufundi wake akaziunganisha picha na picha, hata mtu akajiona uso wake umechanua ndani ya ua. Maua ya mlangoni yakapata nyuso! Lakini mtu alikwenda studio kwa miguu yake mwenyewe, amevaa apendavyo, akaichukua picha yake kwenda kuiweka apendapo. Hodi ilipigwa, na karibu ikaitikiwa. Hiyo ndiyo tofauti.

Hata majahazi ya Lamu yana macho. Watu wa Lamu, ambao kwa lahaja yao macho huitwa mato, hutia pande mbili za omo vibao vya mviringo vilivyopakwa rangi, na mitepe ya zamani iliyoshonwa kwa kamba ilikuwa nayo. Chombo chapewa jicho kitazame njia baharini. Jambo hilo lilitufurahisha, kwamba katika mji usiochora nyuso, jicho moja liliruhusiwa, na jicho lenyewe ni la kuongoza watu salama. Halikuwekwa pale ili likodolewe macho na wapita njia.

Sasa turudi kwenye sarafu zetu. Sarafu za Shanga zilikuwa na jina bila uso. Karne nyingi zikapita, wakaja Waingereza, na shilingi ya Afrika Mashariki ikawa na kichwa cha mfalme wao George wa Tano mwenye taji. Baada ya uhuru, tangu mwaka 1966, sarafu za Kenya zikawa na uso wa Mzee Jomo Kenyatta, na baadaye nyuso za marais waliomfuata. Kisha wananchi wakapitisha Katiba ya mwaka 2010, nayo katika kifungu cha 231 yakataza fedha zetu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Mwezi wa Desemba 2018 zikatolewa sarafu mpya: twiga katika shilingi moja, kifaru katika tano, simba katika kumi, ndovu katika ishirini. Tazameni, simba wa Shanga amerudi, na mtawala ameondoka! Katiba haikufanya hivyo kwa sababu ya dini. Wananchi walikuwa wameona jinsi uso wa mtu mmoja, ukishikwa na kila mkono kila siku, unavyoweza kumfundisha mwananchi kudhani kwamba nchi ni mali ya mwenye uso.

Bwana wetu naye aliwahi kuomba aonyeshwe sarafu. Twasoma katika Mathayo 22 kwamba waliomtega walileta dinari, akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Wakajibu ni ya Kaisari. Akawaagiza wamrudishie Kaisari vilivyo vyake, na Mungu vilivyo vya Mungu. Wasikilizaji, kama sarafu ni ya Kaisari kwa sababu ina sura ya Kaisari, ni kitu gani basi chenye sura ya Mungu, ambacho yatupasa kumrudishia Mungu?

Jibu liko katika kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1844 mmisionari Krapf alipofika Mombasa na kuanza kuyatia Maandiko katika Kiswahili, alianza na kitabu hicho. Na humo, katika sura ya kwanza kabisa, yasemwa kwamba Mungu alimwumba mtu, mwanamume na mwanamke, kwa mfano wake mwenyewe. Lugha yetu imeliweka jambo hili vizuri sana. Mwenyezi twamwita Muumba, na mwili wa mtu twauita umbo; neno moja limezaa yote mawili. Kila mwili ni sarafu iliyopigwa chapa na Mungu. Uwe mwili wa mama aliye barazani Lamu, au wa mtalii afikaye kwa ndege, au wa mzee wa Kigiriama aliye kaburini, chapa ni moja.

Na zaidi ya hayo, sisi Wakristo twaamini kwamba Mungu asiyeonekana alijipatia mwili. Neno alifanyika mwili, akaonekana, akaguswa, akatundikwa uchi msalabani ili kumwaibisha. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba umbo la mtu ni najisi, lisichorwe kamwe. Wala hatuwezi kusema kwamba ni kitu cha kuchezea, maana waliolivua nguo umbo la Bwana wetu ili watu walikodolee macho walikuwa askari wenye kupigia kura mavazi yake.

Basi, mwanangu fundi, ulituuliza kama ni dhambi kuchonga mwili wa mtu. Twakujibu: sivyo yenyewe. Ukimchonga mvuvi akivuta wavu, au mama amembeba mtoto, na wakaao karibu nawe hawachukizwi, fanya kazi yako kwa shukrani kama Bezaleli. Lakini ulituuliza tena mbona moyo wako hautulii. Twadhani moyo wako umeona yale ambayo kichwa chako hakijayasema. Mwanamke yule wa mlangoni hakuombwa hodi. Hana jina, hana nyumba, hana heshima. Atawekwa njiani kusudi wapita njia wamtazame na kulipa. Tena utamchonga usiku, kwa ujuzi uliopewa mchana na mzee aliyekuamini. Mtume Paulo alikuwa tayari kuacha kula nyama maisha yake yote kama chakula kingemkwaza ndugu. Mzee wako si ndugu wa imani yako, lakini alikupa ufundi, na mkate wa watoto wako umetoka karakanani mwake.

Tulimwandikia kijana maneno hayo. Hatukumwahidi kwamba akikataa Mungu atamletea kazi iliyo bora kesho yake asubuhi. Wahubiri wengine huahidi hivyo, sisi hatuthubutu. Akatuandikia tena. Alikwenda kwa yule mwenye nyumba ya wageni akamwambia kwamba atamchongea mlango wa maua na mawimbi, mzuri kupita yote aliyowahi kuchonga, kwa bei ya kawaida. Bwana yule akakataa, kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Mwezi ule kodi ililipwa kwa kuchelewa, na mkewe akauza kuku watatu. Fundi mzee hakuambiwa neno. Lakini Lamu ni mji mdogo, habari zilimfikia. Siku moja akamwita kijana, akamkabidhi patasi yake nyembamba ya kuchongea mfaa, ambayo hakuwa amemruhusu kuishika kwa miaka yote mitatu. Hakusema kitu. Kijana atuambia kwamba alipoishika mpini wake ulikuwa umelika, umefuata umbo la mkono wa mzee.

Wapenzi, hapo ndipo tutakapoishia. Leo, mtakapotoka majumbani mwenu, mtakutana na nyuso nyingi. Kila mtu ana simu, na kila simu ina jicho. Kabla ya kuliinua jicho hilo, pigeni hodi. Na kabla ya kuzidharau kuta za jirani kwa sababu hazina picha kama zetu, au za ndugu yetu Mkatoliki kwa sababu zina picha kuliko zetu, tukumbuke kwamba sura aliyoifanya Mungu mwenyewe haikutundikwa ukutani. Inapita barabarani, inaumwa na njaa, inadaiwa kodi, inacheka barazani.

Na tuombe. Ee Mungu Muumba wetu, uliyetupiga chapa ya mfano wako, utusamehe kwa kila mwili tulioutazama bila heshima na kila uso tulioutumia kwa faida yetu. Uwabariki mafundi wa visiwa na wa bara, uiongoze mikono yao. Utupe macho kama ya chombo kiendacho salama, tuione njia, tusimpite mwenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.